Wanyama wa Mlima ni Nyara za Nani?

Wako mabwana huko ng'ambo ambao kwao Kilimanjaro si mlima, ni pambo la nyuma ya picha. Mbele yuko bwana mwenyewe, bunduki begani, mguu juu ya shingo ya ndovu, na nyuma yake theluji yetu inang'aa kana kwamba ameikodi pamoja na hema. Picha hiyo haipatikani kwa bahati. Hupangwa, na hupangwa mapema sana. Bwana huchagua siku zake, maana mnyama mdogo ana siku chache na ndovu anataka siku 21. Huandikishiwa bunduki. Hutafutiwa mwindaji bingwa wa kumwongoza, mpishi, dereva, mfuata nyayo na mchuna ngozi. Hulipa kianzio katika benki ambayo sisi hata jina lake hatulijui. Siku anaposhuka katika kiwanja cha ndege cha Kilimanjaro amekwisha kujua atalala wapi, atapiga nini, na pembe zitatundikwa ukuta upi nyumbani kwake.

Mtu wa mwisho kupata habari za safari hiyo ni mwenye ardhi.

Sikuja kuhubiri huruma kwa wanyama. Mtu aliyekesha akipiga debe ili ndovu wasimalize mahindi yake hana haja ya kufundishwa huruma na mtu aliyelala. Wala sisemi kuwinda ni dhambi, kwa kuwa babu zetu waliwinda. Nauliza habari ya mpango: nani ameupanga, kwa idhini ya nani, na fungu la mwenye nchi liko wapi?

Sikilizeni kwanza neno lenyewe. Sheria yetu inasema pembe, ngozi, kwato, hata kipande cha nyama kilichokaushwa juu ya moto, ni "nyara za Serikali". Kila Mswahili ajua maana ya nyara. Ni kitu kinachochukuliwa vitani kutoka kwa aliyeshindwa. Basi vita hivi vilipiganwa lini, na aliyeshindwa ni nani? Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inaeleza kwamba wanyama wote ni mali ya umma, na Rais amekabidhiwa kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Maneno hayo ni mazuri na twayakubali. Lakini mdhamini mwema huwauliza wenye mali kabla mali haijauzwa. Kijana wa kijijini akikutwa na paja la pofu ndani ya mfuko, kosa lake ni la uhujumu uchumi na kifungo chake chaweza kufika miaka 30. Mgeni akiisha kulipa, paja la pofu yule yule ni halali yake, na ngozi na pembe hupewa karatasi za kusafirishia. Ujangili ni wizi, na mwizi afungwe. Lakini mtu haibi isipokuwa kitu kina mwenyewe, na mwenyewe huyo tumeambiwa ni sisi.

Wazee wetu hawakuwa wajinga katika jambo hili. Katika karne ya 19 misafara ya pembe kutoka Pangani na Mombasa ilipita hapa mlimani, na Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho walijua thamani ya pembe vizuri kabisa. Katika nchi nyingi za bara ilikuwako desturi moja ambayo mtoto mdogo angeielewa: ndovu akianguka, pembe iliyogusa ardhi ni ya mwenye nchi, na ile ya juu ni ya mwindaji. Haikutaka kanuni za kurasa mia wala wakili wa mjini. Mwindaji alipofunga mzigo wake nyumbani alijua anakwenda kuwinda pembe moja, si mbili.

Mwaka 1898 katika miteremko ya Kilimanjaro aliuawa ndovu mwenye pembe zinazohesabiwa kuwa nzito kuliko zote zilizopata kupimwa. Kila pembe ina urefu uliozidi mita tatu na uzito wa karibu kilo 100. Husimuliwa kwamba aliyempiga alikuwa mtumwa, akiwinda kwa amri ya bwana wake. Pembe ziliuzwa Unguja, na baada ya safari ndefu ziliishia London, katika jumba la makumbusho ya viumbe. Zilikwenda zote mbili, iliyogusa ardhi na isiyogusa.

Haikupita miaka miwili. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli huko Old Moshi pamoja na viongozi wengine, na husadikiwa kuwa kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza kwamba mafuvu matatu waliyoyapima yameonekana kuwa na jamaa walio hai huku kwetu, na moja lilikuwa la akida aliyekuwa mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo. Hapo ndugu msomaji ndipo unapolielewa neno nyara. Mkono uliochukua pembe na mkono uliochukua vichwa ilikuwa na desturi moja, ya kuja na orodha iliyoandikwa kwao na kuondoka na mizigo iliyochukuliwa kwetu.

Kupanga uwindaji wa mlima huu basi si jambo jipya. Mwaka 1896 Gavana von Wissmann alitoa amri kwamba watu wawinde kwa ruhusa ya Serikali ya Kijerumani, akatenga na nchi mbili ziwe akiba ya wanyama, moja yao magharibi ya Kilimanjaro. Nani aliulizwa? Waingereza walipochukua nchi wakafanya vivyo hivyo kwa lugha ya upole zaidi. Mwaka 1921 msitu wa mlima ukawa msitu wa akiba, na ilipofika 1941 watu wa vihamba wakagawiwa ukanda wa nusu maili chini ya msitu ili wapate kuni na majani ya ng'ombe. Nusu maili! Mlima wote umelala mbele ya mama wa Kirua na Marangu, naye anapimiwa nusu maili kama kitambaa dukani.

Wenye umri mkubwa wanayakumbuka ya Novemba 1951. Ng'ambo ya pili ya mbuga ya Sanya, Wameru wapatao 3,000 walitolewa Engare Nanyuki na nyumba zao zikateketezwa, ili ng'ombe wa walowezi wapate nafasi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York, na mwanasheria aliyeshika kesi hiyo, Earle Seaton, alikuwa akifanya kazi hapa hapa Moshi. Kesi ile naitaja kwa sababu shina lake ni moja na neno ninalolisema leo. Mpango wa ardhi ulifanywa ofisini, wenye ardhi wakaja kuusikia kutoka kwa askari.

Kisha tukapata Uhuru. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge kileleni. Miezi mitatu kabla ya hapo, Septemba 1961, Mwalimu Nyerere pamoja na Chifu Fundikira na Bwana Tewa Saidi Tewa walikuwa wametia saini Tamko la Arusha juu ya wanyama, wakiahidi kuwatunza kwa ajili ya wajukuu. Mwaka 1963 chuo cha wanyamapori kikafunguliwa Mweka, juu ya mji wetu, kwenye migomba. Mwaka 1973 Serikali ilifanya jambo ambalo wengi leo wamelisahau: ilipiga marufuku uwindaji nchi nzima. Ulipofunguliwa tena mwaka 1978 ulikuwa mikononi mwa shirika la umma. Baadaye makampuni yakarudi, na vitalu vikarudi, na yule bwana wa picha akarudi pamoja nao.

Leo hali ikoje? Juu mlimani hakuna ruhusa ya kuwinda. Hifadhi ya Taifa iliwekwa mwaka 1973, na mwaka 2005 mpaka wake ukashushwa ukaumeza msitu, jambo ambalo lina manung'uniko yake kwa akina mama wa kuni, nalo nitaliandikia siku nyingine. Anayeota kupiga nyati katika uwanda wa Shira na aamke. Bunduki ziko chini, magharibi na kaskazini ya mlima. Toka Moshi, pita Boma Ng'ombe, panda Sanya Juu, uendelee mpaka uone Amboseli upande wa pili. Hapo ndipo Ol Molog, Elerai, Tinga Tinga, Kitendeni, Sinya, hata Kamwanga. Ni ardhi ya vijiji. Vijiji hivyo viliunganishwa vikafanya jumuiya ya hifadhi iitwayo Enduimet, ikapewa haki ya kuwatumia wanyama mwaka 2007. Kwenye karatasi, kijiji ndicho chenye neno.

Kwenye karatasi, ndiyo. Ukitaka kujua neno la kijiji lina uzito gani, uliza habari za Sinya. Miaka ya 1990 kijiji hicho kilifanya mapatano na wenye kuleta watalii wa kamera, watalii wanaotazama mnyama wakamwacha hai. Fedha zikaanza kuingia kijijini. Kumbe ardhi hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kugawanywa juu kuwa kitalu cha uwindaji, na aliyepewa kitalu hakupenda kamera mbele ya bunduki yake. Ikawa ugomvi mpaka mahakamani. Na Kanuni za Uwindaji wa Kitalii za mwaka 2000 zikaja kusema kwamba shughuli za utalii ndani ya vitalu zataka kibali cha Mkurugenzi wa Wanyamapori. Maana yake kwa Kiswahili cha nyumbani: mwenye nyumba hawezi kukaribisha mgeni sebuleni mpaka aombe ruhusa kwa ajili ya mgeni mwingine aliyeletewa.

Tazameni tena hili la ndovu. Mwaka 1886 Mwingereza na Mjerumani walichora mstari kutoka baharini mpaka ziwani, ukapinda kuuzunguka mlima. (Ile hadithi kwamba malkia alimzawadia mjukuu wake mlima huu ni porojo ya watalii. Mlima ulipatanwa mezani kama bidhaa nyingine yoyote.) Ndovu hawajui mstari huo. Hutoka Amboseli wakapita ushoroba wa Kitendeni hadi msitu wetu, kama walivyofanya kabla Wissmann hajazaliwa. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977. Kwa hiyo ndovu yule yule asubuhi ni marufuku kumgusa, na jioni akivuka ana bei. Mwaka 1994 madume kadhaa waliojulikana kwa majina Amboseli waliuawa upande wetu, zikapigwa kelele, na mwaka uliofuata yakawapo maelewano kwamba mpakani hapo ndovu wasiwindwe. Maelewano hayo yalidumu karibu miaka 30. Kisha kuanzia Septemba 2023 hadi miezi ya mwanzo ya 2024 milio ikasikika tena, na watafiti wakahesabu madume wasiopungua watano walioanguka, baadhi yao wenye pembe za kukaribia ardhi. Walieleza pia kwamba mizoga ilichomwa moto, hata ikawa vigumu kumtambua aliyekufa.

Jambo la halali linachomewa moto kwa nini? Mwenye leseni hujivunia mawindo yake. Hupiga picha. Nitaamini ni halali tupu siku nitakapoona majivu yake katika picha yao ukutani.

Wako watakaonijibu. Watasema fedha za wawindaji ndizo zinazolipa askari wa wanyama, na bila hizo jangili angemaliza mbuga. Hilo lina ukweli ndani yake, nami silikatai. Tumeona miaka ambayo majangili walivamia ndovu wa kusini mpaka Marekani yenyewe, mwaka 2014, ikazuia pembe za Tanzania zisiingie kwao hata kama zimewindwa kwa leseni. Fedha zinahitajika. Lakini ikiwa fedha ndiyo hoja, basi hoja na ihesabiwe hadharani, kwa shilingi, mbele ya wanaokula vumbi na wanaolalwa na ndovu mashambani. Kanuni za jumuiya hizi zimetungwa mwaka 2002, zikaandikwa upya mwaka 2012, na tena mwaka 2018. Ni mwanakijiji gani wa Tinga Tinga amesomewa mkutanoni, kwa Kiswahili, fungu lake lilikuwa kiasi gani jana na limekuwa kiasi gani leo?

Watasema pia dume mzee amekwisha kazi yake, kumpiga si hasara. Hiyo ni elimu ya dukani. Watafiti wanaowafuata ndovu wa Amboseli tangu mwaka 1972 wameonyesha kinyume: dume wa miaka 40 na 50 ndiye anayezaa zaidi, na ndiye vijana wanayemfuata ili wajifunze njia. Ukimwondoa huyo umeondoa mzee wa ukoo. Sisi tunaojua maana ya mzee hatuhitaji kitabu kwa hilo, lakini kitabu kipo.

Na sasa niseme na watu wetu wenyewe, maana kupe hana rangi. Kiongozi wa kijiji anayetia saini mkataba wa kitalu katika hoteli ya mjini, akarudi na simu mpya na maneno "mambo yapo sawa", huyo ni kupe. Bwana mkubwa anayewauliza wanakijiji baada ya tende kuliwa kama walitaka tende, huyo pia. Walowezi wa Sanya walikuja na bunduki na amri. Hawa wanakuja na bahasha na kofia ya kijani. Mwizi wa ndani humjua mbwa kwa jina, kwa hiyo habweki. Nasi wa vihamba tusijisifu. Mitego ya waya inayotegwa msituni inawamaliza akina minde, swala mdogo mweusi asiyepatikana nchi nyingine yoyote duniani ila Tanzania. Vitabuni ameitwa kwa jina la Abbott, Mmarekani aliyefika mlimani mwishoni mwa miaka ya 1880. Jina la minde limekwisha kuchukuliwa. Tusimalize na mwili wake kwa ajili ya supu ya Jumamosi.

Jambo jingine linaniuma. Kijana wa Kimasai wa Sinya husoma nyayo katika vumbi kama wewe unavyolisoma gazeti hili. Anajua dume huyu alilala upande gani na alikunywa maji lini. Bila yeye bwana wa picha angezunguka siku zote 21 akarudi na picha za hema. Lakini katika msafara yeye ni mfuata nyayo, hulipwa mshahara mdogo na kungoja bakshishi, na mwindaji bingwa mwenye leseni mara nyingi ni mtu mwingine aliyejifunza mlima huu kwenye ramani. Chuo cha Mweka kipo saa chache tu kutoka kijijini kwake, na kimekuwapo tangu mwaka 1963. Vijiji vinavyotoa ardhi vina haki ya kudai nafasi za vijana wao katika chuo hicho na katika leseni hizo, ziandikwe ndani ya mkataba, siyo ahadi ya kushikana mikono.

Mkataba wenyewe uje kijijini kabla siku za safari hazijauzwa ng'ambo, usomwe neno kwa neno katika mkutano mkuu, kwa Kiswahili na kwa Kimasai pale inapohitajika, na wenye ardhi wapige kura. Sheria inataka mkutano huo ukae kila miezi mitatu, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema nafasi haikupatikana. Idadi ya wanyama watakaopigwa, bei ya kila mmoja na fungu la kijiji vibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, si ndani ya kabati. Desturi ya zamani ya pembe iliyogusa ardhi irudi kwa sura ya fedha: nusu iwe ya mwenye nchi, nayo ilipwe kabla risasi haijatoka. Ndovu wa Kitendeni waondolewe katika orodha ya wawindwao mpaka Tanzania na Kenya zitie saini karatasi moja, kwa kuwa maelewano ya mdomo tumeona yanavyokufa. Na kijiji kikisema hapana, hapana iwe hapana. Ndugu zetu wa Loliondo waliona kitalu cha mgeni kikigawiwa mwaka 1992, na Juni 2022 wakaona vigingi vikipigwa katika kilomita za mraba 1,500 za malisho yao. Sisi wa mlimani tusingoje vigingi ndipo tuulize.

Msimu wa uwindaji hufunguliwa tarehe 1 Julai. Huko ng'ambo watu wamekwisha kuchagua tarehe zao. Mwenyekiti yeyote wa Enduimet ambaye mwezi Mei utapita hajaitisha mkutano na kuusoma mkataba, wanachama wa tawi lake wamwendee nyumbani, kwa heshima, wakiwa wengi, wamwulize anauweka wapi.